Mto, Ratiba na Mapenzi ya Mungu

Mgeni wa kimataifa anayepanga safari ya boti katika Mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019, huchagua miezi ya kiangazi, huomba viza na kuwahesabu viboko kabla hajawaona. Swali ni kama furaha iliyokwisha kupangwa hivyo inaweza bado kupokewa kama neema, yaani jema analopewa mtu pasipo kulistahili. Mto wenyewe haufuati ratiba ya mgeni: sehemu ya maji yake hutoka Njombe, ambako Mto Ruhuji hupita mjini, huanguka kwenye maporomoko na kwenda kuingia Mto Kilombero, ambao hukutana na Luwegu na kuzaa Rufiji. Kuhusu swali hilo, Waraka wa Yakobo katika Biblia, sura ya 4, haukemei mipango bali majivuno ya mpangaji, na Sura al-Kahf ya Kurani humtaka mwenye kuazimia jambo la kesho aliambatanishe na mapenzi ya Mungu. Hapo ndipo penye uzito wa hoja, kwa kuwa tawakuli, yaani kumtegemea Mungu baada ya kujiandaa, humwachia msafiri nafasi ya kumshangaa tembo ambaye ratiba haikumtaja.