Je, Kuvumilia Maumivu ni Sifa Daima?

Watu wengi hudhani ya kuwa mgonjwa asiyepiga kite ndiye hodari, na ya kuwa aombaye dawa ya kutuliza maumivu ni mnyonge. Mimi nami nalidhani hivyo, hata nikawafundisha watoto shuleni. Leo, wasomaji wapenzi, nataka tulipime jambo hili, maana nimeona dhana hiyo ikikaribia kuua mtu.

Kaka yangu alipasuliwa tumbo. Siku ya pili nilimkuta amelala kimya, hageuki, hakohoi, wala hasemi kuwa aumwa. Nikamsifu mbele ya watu. Kumbe alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, kwa kuwa kila pumzi ndefu ilimchoma penye jeraha. Siku ya nne akashikwa na homa ya mapafu. Muuguzi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, uvumilivu ule uliousifu ndio uliomwangusha." Alipona, lakini neno lile halijanitoka. Wazee walisema kweli: Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Basi yafaa tujue maumivu haya hutoka wapi. Ngozi na nyama za ukuta wa tumbo zina mishipa ya fahamu itokayo uti wa mgongo, nayo hupita ubavuni katikati ya matabaka ya nyama. Hiyo ndiyo ipelekayo habari za jeraha. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha ya kuwa mtu aweza kutiwa ganzi jicho likapasuliwa hali yu macho. Mwaka 1898 August Bier, huko Kiel katika Ujerumani, akatia dawa ya ganzi penye maji ya uti wa mgongo. Na mwaka 2001 tabibu aitwaye Rafi akaeleza njia ya kuitia ubavuni, baina ya matabaka mawili ya ndani ya nyama za tumbo, palipo mishipa ile. Siku hizi matabibu hutumia mashine ya mawimbi ya sauti, wapate kuona sindano iendako.

Mgonjwa aliyetiwa ganzi hivyo, kwa muda wa saa kadhaa, huweza kukohoa na kuketi bila taabu nyingi. Tena mara nyingi huhitaji mofini kidogo tu, dawa ambayo ikizidi huleta kichefuchefu na kupunguza pumzi. Lakini tusidanganyane. Sindano hii hutuliza ukuta wa tumbo, wala haifikii maumivu ya viungo vya ndani. Dawa ikiingia kwa wingi katika damu yaweza kuleta degedege na kusimamisha moyo. Kwa hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

Wako wasemao, "Maumivu yametoka kwa Mungu; kuyaondoa ni kumpinga." Neno hili si jipya. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Scotland alipowapa wanawake klorofomu wakati wa kuzaa, alipata wapinzani wa namna hiyo. Akawajibu kwa Kitabu cha Mwanzo, 2:21, ya kwamba Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu.

Mimi naona hivi. La mgambo likilia lina jambo. Maumivu kabla ya kupasuliwa ni mgambo: hutuita twende kwa tabibu. Lakini mbiu ikisha kusikiwa, na watu wamekwisha kuja, ya nini kuendelea kumpigia mgonjwa masikioni usiku kucha? Yakizuka maumivu mapya, hayo nayo ni mbiu mpya, nayo yasemwe upesi.

Uvumilivu ni wema mkubwa pale pasipo njia nyingine, au mtu anapouchagua kwa ajili ya mwenzake. Lakini uvumilivu wa mtu ni mali yake mwenyewe. Sisi tulioketi kando ya kitanda hatuna haki ya kumtoza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Si kila hospitali iliyo na sindano hiyo, wala mashine hiyo. Lakini kila mmoja wetu ana ulimi. Basi tuendapo kumtazama aliyepasuliwa, tusianze kwa kusifu kimya chake. Tumwulize, "Waumwa wapi? Waweza kukohoa?" Kisha tukamwambie muuguzi.