Nani Aamue Kwamba Kimezeeka?

Ukiingia kwenye vibanda vya kompyuta vya Luthuli Avenue, Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa ni: "Uko na ngapi, boss?" Ni swali la haki. Muuzaji ana kodi ya kulipa na hana siku nzima ya kukusikiliza. Ila kuna swali linalofaa kutangulia: unakosa nini? Kati ya maswali haya mawili ndipo pesa za watu wa kipato kidogo hupotelea. Na hapo hapo pana swali la maadili: nani ana haki ya kusema kwamba kitu hiki kimezeeka, au kwamba kile kinatosha?

Nichukue mfano ulio mezani kwangu. Ni kompyuta ya ofisi iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika, zile tunazoziita ex-UK. Prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013. Ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mchana natafsiria nyaraka za watu, kazi inayolipa kodi ya nyumba. Jioni mpwa wangu anafanyia kazi za shule. Kuiwasha ni kungoja, kufungua faili ni kungoja tena. Nimetenga shilingi 10,000 kuiboresha. Ndizo hizo, hakuna zingine.

Mpwa ana msimamo wake: "Anko, hii kitu ni ya kitambo. Tuweke prosesa mpya." Kipya kinyemi, wahenga walisema, ingawa kidonda. Shida ni kwamba prosesa mpya haikai kwenye soketi ya zamani. Itadai bodi mpya. Bodi mpya nayo itakataa RAM ya DDR3 na kutaka DDR4 au DDR5. Tena kompyuta nyingi za ofisi za aina hii zina plagi za umeme za ndani ambazo kampuni ilijitengenezea yenyewe, kwa hivyo hata kile kisanduku cha kugawa umeme hakitaingiliana na bodi ya kawaida. Ukigusa moja umegusa zote, na elfu kumi haitoshi hata kuanza.

Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alitoa hoja ambayo leo inaitwa sheria ya Amdahl: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikichukua. Tuiweke kijikoni. Kama githeri inachukua saa mbili, na karibu muda wote huo ni wa kungoja mahindi na maharagwe yaive, kununua kisu kikali cha kukatia kitunguu hakutakuokolea kitu. Prosesa mpya ingekuwa kisu hicho.

Kinachochelewa kuiva kwenye mashine yangu ni diski. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua zaidi ya milisekunde 8. Kila mashine inapotaka kitu, mkono mdogo wa ndani husogea, kisha hungoja mahali panapotakiwa pazunguke pafike chini yake. Unaona ni kidogo, lakini kuwasha kompyuta ni kutafuta vitu maelfu na maelfu. SSD haina kinachozunguka. Hujibu kwa takriban moja ya kumi ya milisekunde. RAM nayo ni meza ya kufanyia kazi, na diski ni stoo. Meza ikijaa, mashine hupeleka vitu stoo na kuvirudisha, na stoo ndiyo hiyo hiyo ya kungojewa. Kwa kazi zangu basi, SSD ya GB 240 na RAM ya GB 8 iliyotumika zinatibu ugonjwa wenyewe, na zinaingia kwenye bajeti. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hesabu ingeishia hapo kama mashine ingekuwa yangu peke yangu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Kwa hivyo mashine inayoweza kufanya kazi yangu yote imetangazwa kuwa nzee na watu wasiojua kazi hiyo ni ipi.

Ni rahisi kulaani, lakini tuwe waungwana: sababu ya usalama wanayoitaja si ya kubuni. Mimi hushika vyeti vya kuzaliwa na karatasi za mahakama za watu wengine. Kuviweka kwenye programu ambayo mianya yake haizibwi tena ni kubahatisha na siri zisizo zangu. "Inanitosha mimi" si jibu iwapo anayebeba hatari ni mteja wangu. Ndiyo maana sehemu muhimu kuliko zote niliyoichagua haikugharimu chochote: Linux Mint, inayokaa vizuri kwenye mashine ya umri huu na inayoendelea kupata marekebisho ya usalama. Mtu ambaye kazi yake haiendi bila programu za Windows atakuwa na jibu tofauti, na hatakuwa amekosea.

Plutarch aliandika juu ya jahazi la Theseus, lililobadilishwa mbao moja moja, hadi watu wakabishana kama bado ni lile lile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akakoleza kitendawili: je, kama mtu angezihifadhi zile mbao kuukuu akaunda jahazi la pili? Pale Luthuli hiyo ni kazi ya kila siku. RAM ya GB 4 ninayotoa, fundi ataitia kwa mtu mwenye GB 2, naye atarudi nyumbani akitabasamu. Basi uzee haukai ndani ya kitu. Uko kati ya kitu na kazi inayokingoja. Diski yangu ikitoka, lakini, ni wajibu wangu kuiandika upya yote kwanza, maana kufuta faili hivi hivi hakuondoi zile karatasi za mahakama. Na mwisho wa mnyororo huu, kisichofaa tena kwa yeyote, kama hakikufikishwa kwa wanaochakata taka za elektroniki, kitakuta mtu anayechoma nyaya apate shaba, akivuta moshi wa starehe zetu.

Hadi hapa ninasikika kama mhubiri wa kutosheka, na mahubiri hayo yana sumu yake. "Inatosha" nikijiambia mwenyewe ni busara. Nikimwambia mwingine, inaweza kuwa dharau. Ndivyo tunavyoambiwa na wanaotuletea mashine walizochoka nazo kana kwamba kazi zetu ni ndogo kwa asili. Siku nilipomuuliza mpwa anataka prosesa ya nini, hakusema michezo. Anajifunza kuchora vibonzo vinavyotembea, na kwa kazi hiyo mashine hii kweli ni nzee. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, ingawa dawa aliyotaja siyo. Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta kadi ndogo ya picha, ya zile zisizozidi wati 75, kiasi ambacho soketi ya bodi inaweza kuilisha bila plagi ya ziada.

Anayestahili kutamka neno "inatosha" ni yule anayeifanya kazi, baada ya kuipima kwa ukweli na kuwahesabu wote watakaoguswa nayo. Muuzaji hulitamka akiangalia mfuko wako, kampuni ikiangalia kalenda yake, na sisi wakubwa wa nyumba, mara nyingi, tukiangalia uchovu wetu.