Rolex Mbili Baada ya Isha



Alhamisi iliyopita nilifunga sunna. Nikafuturu kwa tende tatu na maji, nikajisifu moyoni. Baada ya Isha nikatoka getini kununua vocha, nikarudi na rolex mbili. Nilizila kitandani taa ikiwa imezimwa, kisha nikamaliza mkate wa mwenzangu wa chumba. Shibe ilikuja mapema, mkono haukusimama.

Asubuhi nikatangaza kwamba nitafunga siku tatu mfululizo kujiadhibu. (Ilikuwa mara ya nne muhula huu.) Mwenzangu akauliza, "Ustadh, unamfungia Allah au unaifungia mizani?" Nikakosa jibu.

Hadithi ya theluthi ya chakula, ya maji na ya pumzi naijua. Nimeifanyia hata mtihani. Niliyoisahau ni ya Salman. Alipomkuta Abu Dardaa amefunga, alikataa kula mpaka naye ale, akamkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake. Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Nami ile njaa ya kujiadhibu ndiyo iliyokuwa ikinirudisha getini usiku.

Basi siku ile nikala chapati na maharage, mezani, pamoja na mwenzangu. Mkate wake nimeulipa. Jumatatu nitafunga inshallah, na daku nitakula.

Nawe unayekula gizani, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Hali isipoacha, nenda kliniki. Kutafuta tiba si upungufu wa imani.