Haki ya Mlango Wazi

Biashara ya vitu vishikikavyo yajulikana na kila mtu. Chai ya Embu na miraa ya Meru hupimwa, hupakiwa na kuvuka mpaka mbele ya macho yetu. Lakini iko biashara nyingine isiyotiwa katika gunia: kazi ya mwalimu, ya tabibu, ya benki na ya simu. Hiyo ndiyo biashara ya huduma. Katika Marrakesh, mwaka 1994, mataifa yaliahidiana kuifungulia milango hatua kwa hatua, na Kenya ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995.

Huduma huvuka mpaka kwa njia nne. Huenda yenyewe, kama sauti ya simu. Mteja huifuata, kama mgeni ajaye kutazama wanyama katika Mbuga ya Meru. Kampuni hufungua tawi ugenini. Au mfanyakazi husafiri mwenyewe. Basi yafaa tujiulize: mlango ukiwa wazi, je, haki imetendeka?

Wako wasemao kuwa imetendeka, nao hutoa mfano wa simu. Hadi mwaka 1999 shirika moja la serikali lilishika posta na simu katika Kenya nzima, na wakulima wengi wa Runyenjes hawakuwa na simu nyumbani. Makampuni yenye mtaji wa ugenini yaliporuhusiwa, simu ilifika shambani, na tangu mwaka 2007 fedha hutumwa kwayo. Faida hiyo haikanushiki.

Walakini mataifa tajiri hupenda mtaji wao uingie popote, bali mfanyakazi wa ugenini humwekea masharti mazito. Benki hupita kwa heshima. Muuguzi husimamishwa kizingitini. Mapatano yaipayo fedha uhuru unaonyimwa mtu ni mizani iliyopinda.

Hata muuguzi akiruhusiwa, swali haliishi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilipatana juu ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Muuguzi aliyefunzwa Embu ana haki ya kutafuta riziki. Mgonjwa wa Embu naye ana haki ya kuuguzwa. Asilaumiwe aendaye. Alaumiwe mpatanishi asiyemdai apokeaye muuguzi asaidie kumfunza mwingine.

Kwa hiyo wema wa mlango hautokani na kuwa wazi tu, bali na shauri lililotangulia kuufungua. Wazee wa Njuri Ncheke wa Meru husikiliza pande zote kabla ya kukata neno. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 juu ya mikataba nayo yataka wananchi washirikishwe na Bunge liidhinishe.

Ewe kijana, huenda siku moja ukaketi penye meza ya mapatano. Uliza basi: nani ataingia, nani atatoka, na nani atabaki bila msaada? Asiyeuliza hayo huuza nyumba akidhani amekaribisha mgeni.