Mganga Hajigangi

Asubuhi, zamu ya usiku inapokwisha katika vituo vya afya vya Hillbrow, wauguzi huteremka kuelekea kituo cha teksi cha Noord, kando ya Joubert Park, katikati ya Johannesburg. Katika bustani hiyo, ambayo jumba lake la sanaa lilifunguliwa mwaka 1915, si ajabu kumkuta mtu amelala kwenye benchi na chupa yake ubavuni. Wapitao humtazama na kumhukumu. Muuguzi apitaye hatazamwi na yeyote. Hata hivyo, maradhi yaliyomlaza yule benchini yaweza kuwamo pia ndani ya sare iliyopigwa pasi.

Waswahili husema mganga hajigangi. Methali hiyo hutumiwa kwa kejeli, kumsuta ajuaye dawa za wenzake na kushindwa na maradhi yake mwenyewe. Lakini imebeba pia hoja ya maadili: ikiwa mganga hawezi kujiganga, basi yuko mwingine anayewajibika kumganga. Ni nani huyo, na amgange vipi?

Jibu la kwanza hutolewa na wenzake wa zamu, nalo ni sitara. Akinusikana pombe, humchukulia wagonjwa wake na kumwambia msimamizi kwamba anaumwa kichwa. Kusitiri aibu ya mwenzio ni tendo jema, wala halistahili kubezwa. Ila sitara na kuficha si kitu kimoja. Sitara humhifadhia mtu heshima yake ili apate nafasi ya kutengenea. Kuficha humhifadhia maradhi yake. Aliyefichwa huendelea kupima dozi kwa mkono unaotetemeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo hicho chaweza kuwa cha mgonjwa aliye kitandani, asiyejua lolote.

Jibu la pili ni adhabu. Afrika Kusini ina historia ndefu ya kuitazama pombe kama kosa au kama ujira, na mara chache kama maradhi. Hadi mwaka 1962 sheria ilimkataza Mwafrika kununua vileo vya Kizungu, ilhali katika mashamba ya mizabibu ya Cape vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mazoea ya namna hiyo hayafi upesi. Mfanyakazi akiamini kwamba kukiri ni kufukuzwa, atanyamaza. Na pengine atajaribu kuacha peke yake, chumbani. Kwa aliyezoea kunywa sana, kuacha ghafla bila uangalizi wa daktari huweza kuleta degedege na hata kifo. Ajabu ni kwamba nyumba ya tiba yenye dawa na ujuzi wa kumvusha salama ndiyo anayoiogopa.

Jibu la tatu limekwisha kuandikwa katika sheria. Baraza la taaluma za afya nchini humo lina kamati ya kuwashughulikia wanataaluma waliodhoofishwa na maradhi, ukiwamo uraibu, kwa njia ya matibabu na uangalizi badala ya adhabu. Nazo kanuni zilizoambatishwa na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 1995 zilimtaka mwajiri kufikiria ushauri nasaha na urekebishaji kwa mfanyakazi mlevi. Hilo la pili ni muhimu kwa mfagizi na msukuma vitanda, ambao hawamo katika daftari la baraza lolote.

Mpinzani atauliza: je, mgonjwa asubiri mpaka mhudumu wake apone? La. Haki ya mgonjwa hutangulia, na aliyekunywa aondolewe wodini saa ileile. Lakini kumwondoa mtu wodini si kumwondoa kazini. La kwanza humlinda mgonjwa wa leo. La pili, likifanywa pupa, humhatarisha mgonjwa wa kesho, kwa kuwa huwafunza wafanyakazi wote waliobaki kujificha kwa ustadi zaidi.

Kwa hiyo mzigo usiachiwe mwenye maradhi peke yake. Yule mwenzake aliyeinusa pombe wa kwanza ahitaji mlango wa kubisha ambao si ofisi ya nidhamu: daktari asiye msimamizi wao, siri inayotunzwa, likizo ya matibabu yenye mshahara, na ahadi ya maandishi kwamba aliyetibiwa na kuthibitishwa atarejea kwenye zamu yake. Mlango huo ukiwapo, atakayeubisha atakuwa amemsitiri mwenzake kwelikweli.