Kuuza Kinachopanda

Hisa za Safaricom zilipoingia Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni 2008, ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5. Zikadorora chini ya bei hiyo kwa miaka kadhaa, watu wakanung'unika. Agosti 2021 zilikuwa zimevuka shilingi 40. Mwaka 2023 zikaporomoka hadi chini ya 15.

Chukua mtu aliyepata hisa 10,000 kwa shilingi 50,000, akaweka 50,000 nyingine kwenye hati fungani za serikali na kula riba yake. Kufikia 2021 hisa zake peke yake zilizidi 400,000. Alikusudia nusu kwa nusu. Sasa karibu sehemu tisa katika kumi za mali yake zimeegemea kampuni moja, na wala hakukaa chini kuamua hivyo. Je, asawazishe, yaani auze kinachomneemesha, anunue kilichozubaa, mgawo urudi nusu kwa nusu? Moyo unagoma. Unaona ni kama kuikufuru neema.

Maandiko yana la kusema. Aya ya mwisho ya Surat Luqman inafundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Mhubiri, sura ya 11, anashauri mtu agawe fungu lake kwa watu saba, hata wanane, maana hajui balaa lijalo. Talmudi inataka fedha zigawanywe mara tatu: ardhi, biashara na akiba ya mkononi. Hakuna hata moja linalotaja soko la hisa, lakini yote yanagusa mzizi wa jambo. Anayesawazisha uwekezaji wake anakiri kwamba ya kesho ni ghaibu. Anayeacha faida ya jana imgawie mali anajifanya anaijua.

Kukiri huko kunauma. Mwaka 2007 Norwe iliamua kwamba mfuko wake wa fedha za mafuta uongeze hisa kutoka asilimia 40 hadi 60. Msukosuko wa 2008 ukaupotezea asilimia 23.3, lakini uliendelea kununua hisa wakati wengine wakizikimbia. Mwaka 2009 ulipata asilimia 25.6. Haukuwa umebashiri chochote. Ulitii uamuzi uliofanywa kabla ya hofu kuingia.

Mambo hayaendi hivyo kila mara. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika 38,915 mwishoni mwa 1989, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Aliyezidi kurudisha fedha huko kila bei iliposhuka alisubiri sana. Vilevile, aliyepunguza Safaricom kila mwaka ilipokuwa ikipanda alikosa faida nono. Kusawazisha hakumpi mtu utajiri. Kunamzuia asibebe hatari ambayo hakuichagua.

Basi kusawazishwe, ila si kila mwezi, maana ada za dalali zitakula faida. Inatosha kukagua mara moja kwa mwaka, na kuuza pale tu mgawo unapopotoka kwa pointi kama 10 za asilimia. Mwenye mshahara hana hata haja ya kuuza: aelekeze akiba yake mpya kwenye fungu lililopungua.