Faraja ya Mtu Aliye Peke Yake

Somo: 1 Wafalme 19:1–21



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya upweke. Jambo hili halitajwi sana kanisani. Mwenye homa huombewa mbele ya watu wote, na mwenye msiba huendewa nyumbani kwake; lakini mpweke huketi katikati ya benchi, huimba pamoja nasi, hutoa sadaka yake, kisha hurudi kwake na mzigo ule ule aliokuja nao.

Kando ya Ziwa Tanganyika wapweke si haba. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa huingia majini na taa zao, na nyumbani mke hukesha akisikiliza upepo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo imeleta watu wengi wa kazi kutoka mbali, wasiokuwa na shangazi wala mjomba wa kuwabishia hodi. Katika vijiji vya ufukoni vinavyofikiwa kwa chombo, mwinjilisti huweza kukaa majuma mengi asimwone mwenziwe wa kazi. Na katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, walipokewa maelfu ya watu wa Kongo waliokimbia vita. Wako miongoni mwao waliotengana na wazazi au watoto, wasijue kama wako hai. Watu hawa tuwaambie neno gani?

Tumtazame kwanza nabii Eliya. Alikuwa ameshinda juu ya mlima wa Karmeli mbele ya taifa zima. Lakini Yezebeli alipotuma neno la kumtisha, akakimbia nyikani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Hata alipofika Horebu akamwambia Mungu kwamba manabii wote wameuawa, na yeye tu ndiye aliyebaki. Akalisema mara mbili, kwa maneno yale yale, kama mtu aliyeirudia hesabu yake njia nzima na kuiona sawa.

Mwangalieni jinsi Mungu anavyomtendea. Hamkemei kwa kutaka kufa. Kwanza ampa usingizi, kisha mkate na maji, kisha usingizi tena. Halafu amwuliza habari zake, amwacha aseme yote. Baadaye ampa kazi ya kufanya, na mwisho aisahihisha hesabu yake: wako watu elfu saba katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Tena ampa Elisha awe mwenzake.

Lakini liko jambo dogo katika sura hii ambalo wengi hulipita upesi. Mstari wa tatu watuambia kwamba Eliya alikuwa na mtumishi wake, naye alimwacha Beer-Sheba, kisha akaingia nyikani bila yeye. Basi yeye aliyelia kwamba amebaki peke yake, alimwacha mwenzake njiani kwa mkono wake mwenyewe. Hatusemi hili ili tumcheke nabii wa Mungu. Twalisema kwa sababu ndivyo ulivyo upweke: huutia moyo giza, hata mtu asimwone aliye karibu naye, wala asimhesabu.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa Ujiji. Wageni wengi huenda kuuona mnara wa ukumbusho ulio chini ya miembe, mahali ambapo Stanley alikutana na Daktari Livingstone mwaka 1871. Habari ya kukutana kwao yajulikana duniani kote. Habari ya siku zilizotangulia kukutana kule haijulikani sana, nayo ndiyo yenye mafundisho kwetu.

Livingstone alikuwa mjane. Mkewe Mary alikufa mwaka 1862, akazikwa Shupanga, kando ya mto Zambezi. Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho. Alipokaa Manyema, ng'ambo ya ziwa, aliugua vidonda vya miguu, na barua nyingi alizoziandika hazikufika kwao. Huko Manyema, kama alivyoandika mwenyewe, aliisoma Biblia yote mara nne. Kisha tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliona kwa macho yake wafanya biashara ya watumwa wakiwapiga watu risasi, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Moyo wake ukavunjika. Akageuka, akarudi Ujiji kwa miguu, amekonda na mgonjwa, akitumaini kuipata mali aliyopelekewa kutoka pwani. Alipofika, mwezi wa Oktoba kwa hesabu ya kitabu chake cha safari, akakuta kwamba mtu aliyekabidhiwa mali ile ameiuza yote.

Hapo akaandika katika kitabu chake kwamba alijiona kama yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia kati ya wanyang'anyi. Ila yeye, alidhani, hakuwa na kuhani, wala Mlawi, wala Msamaria wa kumtazamia. Fikirini, wapendwa. Mtu aliyeimaliza Biblia mara nne asema kwamba hana Msamaria! Basi mkristo akilia kwa upweke, asiambiwe upesi kwamba hana imani. Imani haiondoi machozi yote. Humpa mtu mahali pa kuyapeleka.

Lakini tuitazame tena hesabu yake. Asubuhi moja alijiwa na Mwarabu wa Ujiji, Said bin Majid. Akamwambia Livingstone kwamba hana bidhaa, bali ana pembe za ndovu, naye yu tayari kuziuza baadhi yake ili ampe mali itakayopatikana. Livingstone alifarijika, lakini akajibu kwamba wakati wake bado, labda baadaye. Tena ndani ya nyumba yake walikuwamo Susi na Chuma. Mwaka 1870 huko Manyema, wengine walipokataa kwenda mbele, watu watatu tu walimfuata: Susi, Chuma na Gardner. Susi wakati ule alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa Unguja mwaka 1886. Basi Msamaria alikuwapo, tena zaidi ya mmoja. Nao, kama yule Msamaria wa mfano wa Bwana wetu, hawakuwa watu ambao yule aliyejeruhiwa angewatazamia.

Stanley alifika kabla mwaka ule haujaisha, akaleta chakula, dawa na barua, na moyo wa mzee ukapata nguvu. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya wema ule. Lakini mwezi wa Machi 1872 waliagana karibu na Tabora, Stanley akaenda zake, wala Livingstone hakumwona tena mtu wa kwao. Waliobaki ni wale wale ambao hakuwahesabu. Mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo yaitwa Zambia, walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miezi mingi, katikati ya homa na hatari, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mtu aliyeandika kwamba hana Msamaria alichukuliwa mabegani mwa wasamaria kutoka bara mpaka bahari.

Ndugu, hesabu ya mpweke si hesabu ya Mungu. Mpweke huhesabu wale waliokwenda zao. Mungu huwahesabu na wale waliobaki. Eliya alipata mmoja, na Mungu alikuwa na elfu saba. Basi wewe uliye mpweke, hesabu tena. Labda yuko mama jirani akuleteaye ndizi, nawe wapokea mlangoni bila kumkaribisha. Labda mwenzako wa kazini amekuuliza habari mara mbili, nawe umejibu kwamba ni njema tu. Labda mtu amekunyoshea mkono, nawe umemwambia kama Livingstone alivyomwambia Said bin Majid: wakati bado. Usikawie. Mtu asiyekubali kusaidiwa hufunga mlango, kisha hulia kwamba hakuna aingiaye.

Hata hivyo twajua kwamba liko lile giza ambalo mtu akihesabu tena, bado hapati mtu. Yuko mama aliyewazika wote. Yuko mgonjwa anayekesha hali nyumba nzima imelala. Hata usiku ule wa Chitambo, kijana aliyewekwa kumlinda mgonjwa alishikwa na usingizi. Kwa watu hawa hatuna neno letu wenyewe. Tunalo la Kristo tu.

Maana Bwana wetu naye aliomba wenzake wakeshe pamoja naye huko Gethsemane, nao wakalala. Alipokamatwa, wakakimbia wote. Na juu ya msalaba alilia kama mtu aliyeachwa hata na Mungu. Mwana wa Mungu alishuka mpaka chini kabisa ya upweke, mahali ambapo sisi hatujafika wala hatutafika kamwe, kwa kuwa yeye alikwenda huko kwa ajili yetu. Tangu siku ile hakuna giza ambalo mwanadamu ataingia akakuta kwamba Kristo hakutangulia kuingia. Ziwa letu lina kina cha mita karibu elfu moja na mia tano, na jua halifiki chini. Lakini hakuna kilindi kinachomfichia Bwana mtu wake. Hii ndiyo faraja yetu. Haitegemei moyo wetu kuihisi. Yasimama katika neno lake na katika ubatizo wetu, ambapo alituita kila mtu kwa jina.

Lakini mtu asije akasema, Basi, Kristo yatosha, sisi na tukae nyumbani. Mtume Paulo alipofungwa Rumi, aliandika kwamba wote walimwacha, ila Bwana alisimama pamoja naye. Na katika barua ile ile amwomba Timotheo aje upesi, amlete Marko, achukue na joho lililobaki Troa, na vitabu pia. Kumtegemea Bwana hakukumzuia kumhitaji ndugu, wala kuona baridi. Naye Martin Luther, katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, alipohesabu njia ambazo Injili hutusaidia dhidi ya dhambi, alitaja mahubiri, ubatizo, Chakula cha Bwana na ondoleo la dhambi. Kisha akaongeza mazungumzo na kufarijiana kwa ndugu. Basi kumwendea mpweke si adabu njema tu, wala si kazi ya mchungaji peke yake. Ni Injili yenyewe ikitembea kwa miguu yetu.

Kwa hiyo twawaomba ninyi walimu wa dini, fanyeni hesabu katika mitaa yenu. Mtazame kitabu cha washarika, mwulizane: Ni nani ambaye mwezi huu hakuna mtu aliyeingia nyumbani kwake? Ni mjane gani anayepewa pole siku ya maziko, na baada ya arobaini hakumbukwi tena? Mgonjwa asiyeweza kuja kanisani, Chakula cha Bwana kimfikie kitandani. Mgeni aliyeshuka kwenye gari moshi au melini, na apate nyumba moja ambayo ataweza kula bila kualikwa. Mkimbizi, na aulizwe jina la mama yake na la kijiji chake, kwa maana aliyepotewa na kwao hupenda kusikia pakitajwa. Msiende na maneno mengi. Malaika aliyemjia Eliya alimletea mkate kabla ya mahubiri.

Nasi wenyewe tuliyoandika haya tumepata kukaa katika nyumba zenye kimya, na twajua kwamba usiku ni mrefu. Lakini tumejua pia sauti ya hodi mlangoni. Huenda wiki hii Bwana ataka kubisha hodi kwa mkono wako.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeachwa na wote ili sisi tusiachwe, uwakumbuke wale wanaokesha peke yao usiku huu, ziwani na nchi kavu, nyumbani na ugenini. Uwafumbue macho wawaone watu uliowapa. Utufumbue na sisi tuwaone wao. Na mahali ambapo hakuna mtu, uwe wewe mwenyewe. Amina.